Barua ya wazi: vichezeo vya watoto vipimwe kabla havijavuka Mokowe

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS);
Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu;
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi, Bunge la Kaunti ya Lamu.

Baada ya salamu na heshima,

Mimi ni mwalimu wa watoto wa chekechea hapa kisiwani Lamu, na ninawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe limegawanyika kati ya ofisi zenu kiasi kwamba kila ofisi inaweza kudhani linashughulikiwa na nyingine. Nalo ni kemikali za sumu katika vichezeo vinavyouzwa mjini kwetu. Sheria na viwango vipo, na baadhi yake ni vizuri. Kinachokosekana ni kuupima mzigo pale unapoingilia nchini, kisha kuyatangaza matokeo kwa namna ambayo mzazi wa Langoni au mchuuzi wa Mkomani anaweza kuyasoma na kuyaelewa. Barua hii inaomba mambo hayo mawili, na inaomba pia yasigeuzwe kuwa msako dhidi ya wachuuzi.

Anayetaka kuona ninachokizungumzia na apite Usita wa Mui hadi uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, siku mbili tatu kabla ya Idi, au wakati wa Maulidi mji unapofurika wageni. Vichezeo humwagwa juu ya turubali bila pakiti: bata laini wa kuogea, filimbi, simu za bandia, bastola za maji, magari ya plastiki nyeusi, mikufu na bangili za kung'aa za wasichana. Bei ni ile ambayo mtoto aliyepewa mkono wa Idi anaimudu mwenyewe bila ya kumwita mtu mzima, na hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa mnunuzi ni mtoto wa miaka sita na hakuna anayemtarajia asome maandishi ya onyo. Hata angejua kusoma, maandishi yenyewe hayapo. Ninaye mwanasesere mmoja mezani hapa ninapoandika. Ana harufu kali ya plastiki ambayo haijaisha ijapokuwa ameanikwa dirishani kwa muda mrefu; ngozi yake inanata kidogo kidoleni, hasa mchana jua linapokuwa kali; na rangi nyekundu ya midomo yake hubanduka ukiikwaruza kwa ukucha, ikabaki chini ya ukucha. Mgongoni hana jina la kiwanda, hana nchi alikotoka, hana umri wa mtoto anayefaa kumchezea, wala hana nembo yoyote ya ubora. Sidai kwamba ana sumu. Siwezi kujua, na huo ndio msingi wa malalamiko yangu: risasi (ile metali ya sumu, si ya bunduki) haina harufu, rangi inayong'aa haisemi imechanganywa na nini, na jicho la mama, hata liwe kali vipi, haliwezi kufanya kazi ya maabara.

Naanza na risasi kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kwa miaka mingi zaidi. Viwanda vimeitumia katika rangi, hasa nyekundu, manjano na ya machungwa, ili zing'ae na zidumu, na vimeitumia pia katika plastiki ya PVC ili isiharibiwe na joto na jua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na yule ambaye damu yake ina upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi, jambo ambalo wauguzi wa kaunti hii hawahitaji kuelezwa uzito wake. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi katika mifupa na meno kwa miaka, huku ubongo unaokua ukiendelea kuathirika. Kwa viwango vya chini hakuna homa wala kutapika kutakakomfanya mzazi akimbilie hospitali. Kinachoonekana ni mtoto asiyetulia, anayesahau leo herufi alizozijua jana, na sisi walimu, kwa kutojua, twamwita mzito wa kichwa. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba hadi watoto milioni 800 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watatu, wana risasi kwenye damu ya mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita. Vichezeo ni njia moja tu kati ya nyingi; betri chakavu, rangi za nyumba na vyombo vya kupikia vimo pia. Lakini kichezeo ndicho kitu pekee katika orodha hiyo ambacho tunakinunua makusudi ili mtoto akishike, akikumbatie na, meno yanapoota, akitafune.

Kuhusu mikufu na bangili nina neno la kuongeza, kwa sababu wengi hawaihesabu kuwa vichezeo. Mwaka 2006, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtoto wa miaka minne alimeza kidani kidogo cha bangili iliyotolewa kama zawadi ya kununua viatu, akafariki baada ya siku chache. Kidani hicho kilipopimwa kilikutwa karibu chote ni risasi, zaidi ya asilimia 99. Mwaka uliofuata mamilioni ya vichezeo yakarudishwa madukani huko huko Marekani kwa sababu ya rangi yenye risasi, baadhi yake vikiwa vya kampuni ambazo kila mzazi alizitegemea. Bunge lao likapitisha sheria mpya mwaka 2008: rangi ya kichezeo isizidi miligramu 90 za risasi kwa kila kilo, malighafi nyingine isizidi miligramu 100, na kila kichezeo cha mtoto kipimwe na maabara isiyokuwa ya mtengenezaji kabla ya kuuzwa. Nalitaja hili ili ionekane kwamba hata nchi yenye maabara kila pembe ilingoja msiba ndipo ikaamka. Sisi tumeshapewa somo hilo bila ya kulilipia.

Ile harufu na ule mnato wa mwanasesere wangu ni habari nyingine. PVC kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji. Ili iwe laini kama shavu la mtoto huchanganywa na mafuta maalumu yanayoitwa thaleti, ambayo yanaweza kufikia hata thuluthi ya uzito wa kitu chenyewe. Mafuta hayo hayakushikana na plastiki kwa kifungo cha kikemia, na kwa hiyo hutoka taratibu kwa joto, kwa kusuguliwa na kwa mate. Baadhi yake huvuruga homoni, na athari zake kwa maumbile ya uzazi ya watoto wa kiume ndizo zilizoifanya Ulaya ipige marufuku ya dharura mwezi Desemba mwaka 1999 kwa vichezeo vya kutiwa mdomoni vya watoto walio chini ya miaka mitatu, kisha mwaka 2005 ikaweka sheria ya kudumu yenye kikomo cha asilimia 0.1. Zaidi ya miaka 25 imepita tangu ile marufuku ya kwanza.

Plastiki nyeusi nayo nitaigusia kwa ufupi. Sehemu ya plastiki hiyo hutokana na maganda ya televisheni na kompyuta kuukuu yaliyosagwa, na maganda hayo yalitiwa kemikali za bromini za kuzuia moto. Mwaka 2017 mtandao wa mashirika ya IPEN ulichunguza michemraba ya mafumbo, ile ya kuzungusha rangi, kutoka nchi 26, na asilimia 90 ya sampuli zake zikakutwa na kemikali ambazo Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu, umezipiga marufuku. Sisi wa Lamu tunapenda kusifia urejelezaji wa plastiki, na tuna haki, kwa maana jahazi la Flipflopi lililotengenezwa kwa plastiki na malapa yaliyookotwa liliundwa hapa hapa. Ila plastiki iliyorejelezwa kuwa ubao wa jahazi si sawa na iliyorejelezwa kuwa gari la mtoto anayeota meno, na anayesimamia viwango hana budi kuitofautisha.

Waheshimiwa, watu wa Pwani hawawezi kuambiwa kwamba risasi ni hofu ya kuletwa na wageni. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilifunguliwa mwaka 2007 na hakikufungwa hadi 2014, majirani wakiwa wamekwisha kulalamika sana kuhusu afya za watoto wao. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakaazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Upeo ikairejesha Desemba 2024. Waliodaiwa katika kesi ile hawakuwa wenye kiwanda peke yao. Taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia nazo ziliwajibishwa. Ninaamini kila ofisi ya umma yenye mamlaka juu ya kitu kinachoweza kumtia mtoto sumu ingefaa kuisoma hukumu hiyo kwa makini kuliko sisi raia. Katiba nayo, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, haki ya habari anazozihitaji ili afaidike nayo, na haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kifungu cha 53 kimeweka maslahi ya mtoto mbele ya kila jambo linalomhusu.

Sasa nije kwenye njia ambayo kichezeo hupitia, kwa kuwa humo ndimo penye pengo. Tangu mwaka 2005 KEBS ina mpango wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka, ambapo kampuni zilizopewa kandarasi hutoa cheti cha ubora kabla ya mzigo kupakiwa melini. Kwa mwagizaji mkubwa aliyeleta kontena zima la aina moja ya bidhaa, utaratibu huu una maana. Kwa kontena la pamoja, ambalo wafanyabiashara wadogo wengi wamechangiana, na ndani yake mna aina mia za vikorokoro vya viwanda visivyojulikana, cheti kimoja kinathibitisha nini? Kila rangi ya kila kichezeo ingetakiwa kupimwa peke yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8124, katika sehemu yake ya tatu, kinaeleza namna ya kufanya hivyo: kipande cha rangi au plastiki hutiwa katika asidi hafifu mfano wa asidi ya tumboni, kikawekwa katika joto la mwili kwa muda wa saa mbili, kisha hupimwa ni kiasi gani cha risasi, kadimi, zebaki na metali nyinginezo kilichotoka. Ni kipimo kizuri, nacho kina gharama, na sitegemei kwamba gharama hiyo hulipwa kwa bata wa shilingi hamsini aliyesafiri katika gunia moja na filimbi na vibanio vya nywele.

Mzigo ukishatoka bandarini Mombasa, huenda kwa wauzaji wa jumla. Mchuuzi wetu hununua kwa dazeni, hufungiwa katika mfuko wa nailoni, huupakia kwenye basi hadi Mokowe, kwenye gati la upande wa bara, na kutoka hapo huvuka nao kwa mashua. Lile boksi kubwa lenye kibandiko cha KEBS, kama lilikuwa nacho, limebaki Mombasa. Nambari ya ujumbe mfupi ya 20023 ambayo shirika limeiweka ili mwananchi ahakikishe nembo ni jambo la kushukuriwa, ila humsaidia tu mwenye nembo ya kuihakikisha. Ndiyo maana nasema msako wa Mkunguni hautatibu kitu. Askari akija akamwaga bidhaa za kina mama wa turubali baharini, watakaopata hasara ni watu waliokopa ili wauze msimu wa Idi, na muuzaji wa jumla atakuwa ameshaagiza kontena jingine. Bahari nayo itakuwa imepewa kisichokuwa chake.

Ninachowaomba KEBS kinawezekana kwa vifaa vilivyopo duniani leo. Kuna kifaa cha mkononi cha miali ya eksirei, chenye umbo la bunduki ya kutobolea ukuta, ambacho ukikielekeza kwenye kichezeo hukuonyesha kwa muda usiofika dakika moja kama kina risasi, kadimi au bromini. Hakiharibu kichezeo. Hakiwezi kuona thaleti, ni kweli. Lakini huonyesha klorini, na klorini nyingi katika plastiki laini ni dalili ya PVC, hivyo afisa hujua ni kipi cha kupeleka maabara na kipi cha kukiachilia. Naomba vifaa hivyo vitumike kwa wauzaji wa jumla Mombasa katika mwezi mzima unaotangulia kila Idi na kila Maulidi, na kwamba afisa mmoja aliye na kifaa avuke hadi Lamu katika majira hayo. Asije kukamata, aje kupima bure mbele ya wachuuzi, na mchuuzi aliyekutwa na kichezeo kibaya arejeshewe fedha zake na muuzaji wa jumla, kwa nguvu ya sheria ikibidi. Hapo mchuuzi atakuwa na sababu ya kudai risiti. Kwa sasa hana.

La pili ni kutangaza. Nchi za Ulaya zina mfumo uitwao Safety Gate, ambao kila wiki huweka hadharani picha ya bidhaa hatari, jina lake, nchi ilikotoka, kasoro iliyokutwa na hatua iliyochukuliwa, na vichezeo huwa miongoni mwa bidhaa zinazotajwa mara nyingi. Nimejiuliza zaidi ya mara moja mzigo uliokataliwa huko hupelekwa wapi. Kenya haihitaji kuanza na mfumo mkubwa kama huo. Orodha yenye picha, kwa Kiswahili, itakayosomwa katika redio za Pwani na kubandikwa kwenye gati la Mokowe na kwenye mbao za matangazo za misikiti na shule, inatosha kwa kuanzia. Muuzaji wa jumla haogopi faini kama anavyoogopa picha ya bidhaa yake kubandikwa gatini.

Mheshimiwa Gavana na Waheshimiwa Wawakilishi, elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na leseni za biashara na masoko pia. Kwa hiyo mna mlango wenu ambao hamhitaji kumwomba mtu wa Nairobi awafungulie. Kaunti inaponunua vifaa vya kuchezea vya shule zetu, zabuni iseme waziwazi kwamba kila aina ya kichezeo iwe na matokeo ya maabara ya risasi, kadimi na thaleti, na matokeo hayo yawekwe shuleni ambako mzazi anaweza kuyaona. Maafisa wa afya ya umma hukagua samaki na nyama sokoni; wapewe mafunzo na idhini ya kuchukua sampuli za vichezeo pia. Na mzazi ambaye mtoto wake ametafuna kitu cha kutiliwa shaka ajulishwe ni hospitali ipi ndani ya kaunti inayochukua damu kwa ajili ya kipimo cha risasi, damu hiyo hupelekwa wapi, na matokeo hurudi baada ya muda gani.

Najua nitaulizwa swali, na ni la haki: mkiondoa vichezeo vya shilingi hamsini, mtoto wa maskini atacheza na nini? Wengine watajibu kwa haraka kwamba turudi kwenye vidau vya mbao, vishada na magari ya waya ya zamani. Navipenda, na fundi wetu anayechonga kidau cha mtoto anastahili soko. Lakini ashiki ya vya kale isitufumbe macho, kwa kuwa fundi naye hupaka rangi anayoipata, na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la kazi nyingine inaweza kuwa na risasi nyingi kuliko bata wa kigeni. Viwango vya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi. Kaunti inaweza kumsaidia fundi kupata rangi iliyothibitishwa, na kipimo kile kile cha mkononi kikapita juu ya kidau chake pia. Na kwa bidhaa za nje, kiwanda kinachouza Ulaya kichezeo kisicho na sumu kinajua namna ya kukitengeneza. Tofauti ya bei itakuwepo, na ningependelea mtoto apate kimoja kilichopimwa kwa Idi kuliko vitatu vitakavyovunjika ndani ya siku chache na kuishia jaani, vikichomwa pamoja na takataka nyingine, moshi wake ukirudi mjini.

Mwisho, kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayoitaka taasisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, naomba kwa maandishi majibu ya maswali haya. KEBS: ni sampuli ngapi za vichezeo zilizochukuliwa sokoni katika kaunti za Pwani kwa miaka mitatu iliyopita, zilipimwa kemikali zipi, ngapi zilifeli, na bidhaa zilizofeli zilipelekwa wapi? Je, thaleti hupimwa kabisa katika vichezeo vinavyoingia kwa kontena za pamoja? Serikali ya Kaunti: vichezeo vilivyomo katika shule za chekechea za umma hivi sasa vilinunuliwa kwa masharti gani ya usalama, na cheti chake kiko ofisi gani? Majibu yakiletwa kwa Kiswahili nitayabandika kwenye ubao wa shule yetu, kama yalivyo.

Wenu katika utumishi,

Mwalimu wa chekechea,
Langoni, Lamu